Besi ya Marehemu na Fimbo Yangu ya Ndengu

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ndengu asubuhi, ndengu mchana, na jioni tukabadilisha kidogo kwa kula ndengu na chapati. Kama ulikuwa upande wetu wa Tawa, huku Makueni, unaujua. Mvua ilikuja kidogo ikaenda, mahindi yakakataa, kunde zikakataa, lakini ndengu zilizaa kama zimelogwa, na madalali wote wakapotea. Nautaja mwaka huo kwa sababu kuna watu kanisani wanasema niliota. Mtu aliyekula ndengu miezi mitano haoti, anageukageuka tu kitandani na tumbo lake. Nilikuwa macho, ilikuwa saa nane mchana, jua kali juu ya mabati, na pombe sijaonja tangu nizaliwe. Sasa sikiliza.

Mjukuu wangu Mwende ndiye mwenye studio. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini studio hiyo naijua vizuri maana iko ndani ya ghala langu. Ndengu zilipokosa mnunuzi tulipanga magunia mpaka karibu na paa. Siku moja Mwende akaingia katikati yake, akapiga makofi, akaniita bibi kwa Kikamba chetu. "Susu, njoo usikie! Hapa sauti hairudi! Watu wananunua sponji ya ukutani kwa kazi hii." Kufika jioni kuku wangu walikuwa wamefukuzwa nje, na meza yangu ya kukatia sukuma wiki ilikuwa imebeba kompyuta na spika mbili.

Kwaya ya kanisa ilikuwa imempa jaribio. Tutengenezee wimbo mmoja, tuusikie Jumapili. Ukitupendeza, nyimbo zetu zote kumi tunarekodia kwako. Usipotupendeza, tunaenda mjini. Msichana alikuwa amemaliza chuo miaka miwili, na kila jirani akipita anamuuliza, "Bado uko?" Kwa hivyo huo haukuwa wimbo tu. Ilikuwa ni kuamua kama atakaa ama atafungasha.

Ngoma aliitoa kwangu. Nilikuwa napura ndengu kwenye turubai, akaja na simu akaishika karibu na fimbo. Fimbo ikitua inasema du, maganda yakipasuka yanasema cha. Du-cha, du-cha. Akakata kipande kidogo tu, kompyuta ikakirudia bila kuchoka, na mimi nimekaa chini nakunywa chai. Niamini, hiyo ndiyo ajabu ya kwanza.

Besi aliitoa kwa marehemu mume wangu, Musyoka. Alikuwa mpiga besi wa bendi ya arusi na baa, wakipiga mpaka mji wa Salama, na aliacha kaseti moja kwenye sanduku. Mwende akakata kipande humo pia. Besi iliyokuwa ikilewesha watu sasa ikaokoka.

Lakini vitu hivyo viwili viligombana. Mwende akanieleza: fimbo yangu ni sauti nzito, besi ya babu ni nzito, zote zinataka kukaa mahali pamoja, basi zinakanyagana na wimbo unakuwa matope. Kwa hivyo aliiambia kompyuta, kila fimbo ya Susu ikitua, besi ya babu iiname. Fimbo ikipita, besi iinuke.

Nilicheka mpaka nikashika gunia. Musyoka ainame? Huyo hakuwahi kumpisha mtu. Njiani hakupisha, kwenye benchi la kanisa hakupisha, kitandani ndiyo usiseme. Kwenye bendi alipandisha besi yake mpaka mwimbaji akatoka nje analia. Na mimi nikipura ndengu miaka yote hiyo, yeye amekaa kivulini anakaza nyuzi za gita, ananiambia, "Mama Kioko, gonga polepole, unaniharibia."

Alhamisi Mwende alienda Tawa kutafuta waya. Akaniachia kompyuta niilinde isikanyagwe na kuku. Nikaingia ghalani na bakuli langu la unajua nini, na kabla sijakaa wimbo ukaanza wenyewe. Besi ikapanda. Ikapanda tena. Sauti za kwaya zikazama, fimbo yangu ikazama, mistari ya sauti kwenye kompyuta ikawa myekundu kama pilipili, na ndengu zikaanza kuruka ndani ya bakuli.

Nikaona mgongo wa mwanaume ameketi juu ya gunia, kofia kichwani. Nikajua ni dalali. Nikafurahi sana! Nikamwambia, "Karibu, baba, magunia ni haya, chukua hata yote."

Akageuka. Viatu ndivyo nilivyoviona kwanza. Vile vyeusi tulivyomzika navyo, vinang'aa, na nje vumbi linafika kwenye kifundo. Mtu aliyefika kwetu na viatu safi, je, ametembea?

"Mama Kioko," akasema, "nani ameniinamisha?"

Wengine wangekimbia. Mimi nilikasirika kwanza. Miaka tisa kaburini, na salamu hakuna!

"Mjukuu wako," nikasema. "Na amefanya vizuri. Shusha hiyo kelele, unamharibia mtoto kazi."

"Toa hiyo fimbo ndani ya wimbo."

"Sitoi."

"Basi twende wote," akasema, na akaninyooshea mkono. Baridi iliyotoka kwenye huo mkono, jamani, saa nane ya Makueni, nikasikia mpaka kwenye meno. "Huko nafasi iko. Mimi nitapiga, wewe utapura pembeni, polepole."

"Huko mnakula nini?"

Akafikiri. "Ndengu."

Ngai, Mungu wangu! Hapo ndipo nguvu ilinirudia. Fimbo yangu ilikuwa imeegemea mlango. Nikaishika kwa mikono miwili, nikamwambia, "Siendi, na fimbo yangu haishuki."

Nikagonga sakafu. Du! Musyoka akainama, kofia ikamfika puani. Akainuka. Du! Akainama tena. Ukiniuliza kwa nini, mimi sijui, muulize aliyetengeneza kompyuta. Niligonga mpaka jasho likanitoka, na yeye juu chini, juu chini kama kuku anayekunywa maji, mpaka akapiga kelele, "Basi! Basi, Mama Kioko! Nipe hata nafasi kidogo!"

"Umeshapewa, wewe mwanaume. Nyamaza usikie."

Nikagonga polepole. Kati ya fimbo na fimbo besi yake ikainuka, ikazunguka, ikatua kabla sijafika. Tamu, siwezi kukudanganya. Alisikiliza na kichwa upande mmoja, kama alipokuwa kijana akinitafuta kwa mama yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ungegonga, na mimi bado ningesikika."

"Miaka thelathini na mbili nilikuwa nakungoja ujue hivyo," nikamjibu.

Nilipofuta macho, ni jasho tu lile, gunia lilikuwa na shimo la makalio na hakuna mtu. Mwende alirudi akakuta mistari ni kijani na mimi nimekaa mlangoni na fimbo. Hakugusa kitu kwenye wimbo. Jumapili wimbo ukapigwa, na kila fimbo ilipotua, wanaume wote kanisani waliinamisha vichwa kidogo, pasta akiwemo, wakiwa hawajui. Kwaya ilirekodi zote kumi kwetu. Mwende bado yuko, na sasa majirani wanauliza foleni ni ndefu kiasi gani.

Lakini lile gunia! Ndengu zake ukichemsha kutoka asubuhi mpaka jioni haziivi, na sufuria inanguruma chini chini. Sisi hatuzili. Kwa hivyo wewe mwenye kompyuta nyumbani, unayekata sauti za watu waliolala, kwanza mwambie marehemu utampa nafasi gani. Na usiwahi kumwachia apande mpaka mistari iwe myekundu, maana akishapanda atataka na mtu wa kwenda naye.

Hata leo, nikipita ghalani na mzigo wangu, nasikia sauti kwenye lile gunia, nzito, ya kubembeleza: "Mama Kioko, hata wimbo mmoja tu?" Sisimami. Namjibu nikiendelea na safari yangu.

Siendi, na fimbo yangu haishuki.