Buibui wa Kwenye Sanduku la Mita

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Mita. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifunua kifuniko cha sanduku la zege, akapangusa kioo kwa kidole, akaandika tarakimu, akafunika, akaenda zake. Glovu za ofisi zilikaa mfukoni, alisema zinamchelewesha.

Siku alipoumwa na buibui alikuwa nyumbani kwa wifi yake.

"Wifi, sanduku hili limefunguliwa lini mara ya mwisho?"

"Ulipokuja wewe mwezi jana. Nani mwingine ana habari nalo?"

Akaingiza mkono. Alisikia mchomo kama wa sindano, basi. Ndani aliona buibui mweusi, tumbo lake la mviringo linang'aa kama shanga, akijivuta kwenye utando uliochanika.

Alikwenda bombani akanawa kidole kwa sabuni. Wifi, aliyechungulia sandukuni akamwona buibui, aliingia ndani akatoka mbio na wembe mkononi.

"Lete nikuchanje, sumu itoke!"

"Weka wembe huo. Unataka niuguze vidonda viwili?"

"Basi tuufunge mkono kwa kamba."

"Hakuna kufunga. Nipe kitambaa cha maji baridi, twende hospitali."

Hayo aliyasikia kwenye semina ya ofisi, ambayo kwa kukiri kwake mwenyewe aliihudhuria kwa ajili ya chai.

Walipofika, maumivu yalikuwa yameshapanda hadi begani, kisha yakashuka tumboni. Tumbo likakaza kama ubao. Jasho lilimtiririka na hakuweza tena kusema sentensi nzima. Daktari kijana alilibonyeza tumbo, akakunja uso, akidhani utumbo umetoboka, akamwambia muuguzi amwite mpasuaji.

Wifi, aliyekuwa amesimama pembeni na wembe wake bado umefungwa kwenye pindo la khanga, akasogea.

"Daktari, usimpasue. Ameumwa na buibui, mweusi, mdogo hivi. Nimemwona kwa macho yangu."

Daktari akakishika kidole, akakitazama. Palikuwa na alama mbili ndogo na wekundu kidogo. Akamzuia muuguzi asimwite mpasuaji. Alimpa dawa ya maumivu na ya kulegeza misuli, akamlaza siku mbili.

Aliporudi kazini alianza kubeba kijiti. Aligonga kifuniko, akasubiri, akafunua kwa mkono wenye glovu, akachungulia kwanza. Wenzake walimcheka.

"Siku hizi unabisha hodi?"

"Ndiyo. Wenyewe wamo ndani."

Nyumbani aliondoa matofali yaliyorundikwa ukutani, akazoea kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Kidole kilibaki na ganzi kwa wiki kadhaa, kisha ikaisha. Alisoma mita miaka mingine sita, na hakuumwa tena.