Mgeni Aliyeomba Kuosha Vyombo

Kila meli kubwa ya watalii ilipotia nanga, watu wa bandarini walimwona mama mmoja akipita ameinua mwavuli mwekundu, liwe jua, yawe mawingu, na wageni wakimfuata nyuma kama vifaranga. Ndiyo maana wakamwita Mama Mwavuli. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza: ngome ya zamani, mnara wa saa, maduka ya vinyago, kisha kuwarudisha melini. Habari za ngome alizijua kiasi cha kuzisimulia huku akiwaza mboga ya jioni.

Siku hiyo, kundi lilipotawanyika madukani, bibi mmoja mwembamba alibaki kivulini. Tangu asubuhi hakuwa amepiga hata picha moja.

"Hununui kitu, bibi?"

"Nimenunua kila bandari, binti yangu. Kabati limejaa. Wewe unaishi wapi?"

"Hapo nyuma tu, mtaa wa pili."

"Nipeleke."

Mama Mwavuli akasita. Nyumbani alikuwepo mama mkwe wake, mtu asiyependa kushtukizwa, na vyombo vya asubuhi vilikuwa bado kwenye karo. Lakini bibi alikuwa ameshaanza kutembea. Ikabidi amwombe dereva wa basi la watalii awaangalie wengine.

Mama mkwe alimpokea mgeni kwa heshima zote, akamvutia kiti, huku akimkata jicho mkwewe. Mgeni hakukaa. Alikuwa ameyaona masufuria.

"Mwambie naomba niwaoshee vyombo."

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza. Alipoambiwa, akashika kiuno. "Ana homa huyu? Mgeni haoshi vyombo kwangu."

"Mama, anasema tangu apande meli hajashika hata kijiko kichafu. Sahani inaondolewa kabla hajamaliza kutafuna. Nyumbani kwake, yeye alikuwa anaosha, mumewe anafuta. Tangu amzike, hajui mikono aiweke wapi."

Mama mkwe, ambaye naye alikuwa mjane, akachukua kitambaa msumarini, akasimama kando ya karo.

Wakafanya kazi bila lugha, mmoja akiosha, mwingine akifuta. Katikati ya vikombe, mama mkwe akakigeuza kimoja kwenye mwanga, akakirudisha majini.

"Hiki kina povu."

Neno hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Mgeni akacheka mpaka akashika ukingo wa karo, na kicheko kikageuka machozi. Akajifuta kwa kiwiko, akakiosha upya kile kikombe. Mama Mwavuli akajifanya anatafuta kitu jikoni.

Kwenye basi, wenzake yule bibi walikuwa wakionyeshana vinyago.

"Na wewe umeona nini?" wakamuuliza.

"Nimeosha vyombo."

Wakadhani ni utani wake.

Jioni, meli ikiwa imeshaondoka, mama mkwe aliuliza, "Ana watoto yule?"

"Sikumuuliza."

"Siku nzima umemsimulia habari za watu waliokufa zamani, na yeye mwenyewe hukumuuliza?"



Meli iliyofuata ilipotia nanga, Mama Mwavuli alifupisha habari za ngome, akaanza kuwauliza wageni za kwao. Wengine walimkwepa, wakidhani anatafuta bakshishi. Lakini mzee mmoja alipoulizwa alianza kuzungumza, akazungumza na kuzungumza, na kundi zima likaupita mnara wa saa bila mtu kuutazama.