Mkono Ulio Ndani ya Koti

Jirani yangu hapa Kanyakine ni wa ukoo wa Mugwe, wale waliorithishana baba kwa mwana kazi ya kubariki Wameru kwa mkono wa kushoto, mkono ambao mtu haruhusiwi kuuona. Huchuma kahawa kwa mkono mmoja, mti mmoja asubuhi nzima. Ule mwingine hulala ndani ya koti hata jua likiwaka. Mimi, niliyefika darasa la sita na kuwashinda walimu wawili kwa hesabu, humtania, "Mzee, umeficha mkate humo?" Hucheka polepole, kwa sauti ya mtu anayebembeleza ndama.

Juzi mpwa wangu Kanana, aliyepoteza mimba mbili, alimpigia magoti akiwa na ya tatu.

"Nenda kwa pasta, mwanangu. Mimi siku hizi ni mtu wa kahawa tu."

"Kwa pasta nimeshatoka, Baba."

Mzee akafungua kifungo kimoja cha koti. Mimi niliyeapa sokoni kwamba nitauona mkono huo, nilijikuta nikitazama viatu vyangu. Njiani nikamuuliza Kanana mkono ulikuwaje.

"Sijui, Anko, nilifumba macho. Lakini uliponigusa ulikuwa unatetemeka, kwa hivyo nikaushika."