Siku Niliyong'oa Keria

Niseme mapema tusisumbuane: nilimwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja, na ulianzia kwenye baiskeli.

Kwa miaka mingi mtu wa baiskeli katika ukoo wetu nilikuwa mimi. Nimefika Pangani, nimefika Tanga, nimelala kwenye hema langu mahali ambapo wenye akili zao hawalali. Nilisafiri na nyumba nzima. Fundi wa maturubai wa hapa Bagamoyo alinishonea mikoba minne, miwili nyuma, miwili mbele, na juu ya keria nilifunga hema, mkeka, jiko la mafuta ya taa na sufuria mbili kwa mipira ya tyubu kuukuu. Nilibeba kandambili za kuogea na kandambili za akiba. Waliocheka niliwaambia wasubiri waishiwe chumvi porini, watanitafuta.

Mama yetu anaishi Miono, kwenye shamba la marehemu baba. Nilikuwa nakwenda kumwona mara tatu kwa mwaka: Bagamoyo hadi Msata, kisha barabara kuu ya Segera, kisha unaiacha lami unaingia kwenye vumbi. Mikoba ya mbele ilikuwa yake. Kulikuwa na sukari, mchele, sabuni za mche, samaki wakavu wa Mlingotini, na kanga ikiwa Idi imekaribia. Kwetu huendi kwa mama mikono mitupu. Nikifika tu, anatandika jamvi uani na kuifungua mikoba mwenyewe, kitu kimoja kimoja.

"Samaki hawa wa nani?"

"Wa Mlingotini, mama."

"Wamekauka vizuri. Na huu mchele mbona una vumbi?"

Majirani nao husogea na vibakuli vyao, kila mmoja akaondoka na chochote. Ikiisha hapo mimi hunawa, hula, hulala kama gogo, na kesho yake hurudi.

Mwaka juzi mdogo wangu, anayeishi Dar, naye alinunua baiskeli. Akaja kwangu tuongozane kwenda Miono. Nilipotoka nje kumpokea nilidhani mizigo yake inakuja na basi. Baiskeli haikuwa na keria. Ilikuwa na kifuko kirefu chini ya siti, kingine cha pembetatu ndani ya fremu, na kingine kimefungwa kwenye usukani.

"Mzigo wako uko wapi?"

"Ndio huu, kaka."

"Huo mzigo au chakula cha mchana?"

"Siku hizi tunasafiri wepesi, kaka."

Tunasafiri! Yeye aliyejua kubadilisha gia mwezi uliopita.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Kwenye vilima vya kabla ya Kiwangwa, mimi nikiwa nimesimama juu ya pedali na jasho linaniingia machoni, alinipita huku akinieleza habari za mpira. Alikuwa anaongea, hahemi hata kidogo! Nilimwambia atangulie, nikijifanya nataka kununua nanasi. Nilifika Miono alasiri, nikawakuta wamekaa jamvini yeye na mama. Mama alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mama yangu, ambaye mimi sikumbuki mara ya mwisho amecheka mbele yangu hivyo.

Aliponiona alinyamaza. Akaitikia shikamoo yangu, akainuka, akaanza kufungua mikoba. Kijicho kikanipanda pale pale. Yeye kapewa kicheko, mimi nimepokelewa kama lori la ushirika.

Ikawa hivyo safari ya pili na ya tatu. Yeye anafika kabla ya adhuhuri, anapata mchana mzima wa hadithi. Mimi nafika hadithi imekwisha, napata sabuni za kuhesabiwa. Nikaamini kilichomo ndani ya vile vifuko ndicho kinachonikosesha mama yangu. Siku moja alipokwenda kuoga nilivifungua. Ndiyo, nilimpekua mdogo wangu, na nilikuwa nimefunga mlango. Nilikuta shati moja, kikoi, koti jembamba la mvua, pampu, tyubu moja, na mswaki aliokuwa ameukata mpini. Nilikaa kitandani nikautazama ule mswaki kwa muda. Nikasema, kama ni hivi tu, hata mimi naweza.

Sikumwomba ushauri, roho isingeniruhusu. Nilimchorea fundi viatu vile vifuko kwa kukumbuka, akanishonea. Kile cha usukani kilitoka kikubwa kidogo, nikakikubali. Nikang'oa keria. Nati zilikuwa zimeshika kutu ikabidi nizimwagie mafuta na kuzigonga, na mke wangu akasimama mlangoni akaniuliza baiskeli imenikosea nini. Jiko nikampa yeye. Mswaki nikaukata, mfupi kuliko wa mdogo wangu.

Nilikwenda peke yangu, bila kumwambia, ili mchana ule uwe wangu wote. Niseme haki, ilikuwa raha. Vile vilima nilivipanda nimekaa. Baiskeli ilikuwa inanitii kabla sijaiambia. Msata sikuhitaji hata kupumzika, nilikunywa soda nimesimama. Saa tano na nusu nilikuwa uani kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinizunguka, akatazama nyuma ya baiskeli, akatazama njia. "Mzigo umeuacha wapi?"

"Sikubeba, mama. Nimekuja tuzungumze."

"Tuzungumze nini?"

Aliuliza kwa dhati, na kwa wasiwasi kidogo, kana kwamba nimemletea habari ya msiba. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali lile. Tukakaa. Jamvi alikuwa amekwisha kulitandika. Jirani mmoja alikuja na kibakuli, akatusalimia, akageuka nacho. Mama aliuliza watoto wanasomaje, nikamjibu vizuri. Akauliza mvua Bagamoyo, nikamjibu. Kisha akavuta ungo akaanza kuchambua mbaazi, mimi nikatazama mikono yake. Mchana ule niliokuwa nauonea uchungu miaka miwili ulikuwa mikononi mwangu, na sikujua nianze wapi. Nilimchukia mdogo wangu, ambaye hata hakuwepo.

Kesho yake wakati wa kuondoka akanitolea jogoo, kafungwa miguu.

"Mpelekee mdogo wako. Nilimwahidi."

"Mama, sina keria."

"Wewe utakosa pa kuweka?"

Zawadi ya mama hairudishwi. Nilitoa nguo kwenye kifuko cha usukani, nikavaa shati juu ya shati, nikamtia jogoo, kichwa nje. Nilikwenda naye mpaka lami, amenikodolea jicho moja njia nzima. Msata vijana walinishangilia. "Mzee, huyo ndiye dereva?" Niliwajibu ndiye, na mimi ni utingo wake. Walicheka, lakini mimi nilikuwa nimesema kweli yangu.

Mdogo wangu alikuja Jumamosi kumchukua jogoo wake. Aliiona baiskeli, akaona pale palipokuwa na keria, kwa adabu akaulizia jogoo. Tulikuwa barazani tunakunywa kahawa. Nikashindwa kuvumilia.

"Hebu niambie. Huwa mnazungumza nini na mama mchana kutwa?"

Alinitazama akidhani namtania. "Habari zako, kaka."

"Habari zangu zipi?"

"Zote. Ulivyojifunza baiskeli ya baba hufikii siti, umepenyeza mguu chini ya bomba la fremu, ukaingia kwenye mihogo ya watu ukatoka na mhogo kwenye spoku. Hiyo kila siku ananihadithia upya, na kila siku anacheka akalia. Ulivyoacha shule baba alipofariki. Unavyopenda uji uliopoa."

"Mbona mimi haniambii?"

"Anakuonea haya, kaka. Tangu baba aondoke anakuona kama mwenye nyumba. Ukifika hunyamaza, akatafuta cha kufanya kwa mikono."

Nilimimina kahawa ambayo sikuitaka. Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi, Mungu anajua. Lakini nilimtazama pale alipokaa, na vifuko vyake vidogo, anapuliza kikombe, na wivu ulinichoma kuliko siku zote. Mambo yale yalikuwa yangu mimi, na aliyeambiwa ni yeye.