Sista wa Kasigau na Seva Yangu

Kazi yangu Voi ilikuwa kutunza kompyuta za zahanati kadhaa, na hasa seva moja inayomtambua kila mfanyakazi kabla hajafungua faili za wagonjwa. Mtu akiandika neno lake la siri, seva humpa kibali, na kibali hicho ndicho kinachomfungulia faili.

Wiki moja muuguzi wa zahanati ya Kasigau, mama aliyekaribia kustaafu, alinipigia simu kila asubuhi.

"Mwanangu, huu mtambo umenikataa tena."

"Sista, labda umekosea neno la siri."

"Neno ni langu mwenyewe, nitalikosea vipi? Na sikiza: nikiuacha nikaenda kunywa chai, nikirudi nikibonyeza, unafungua."

"Basi kunywa chai mapema, Sista."

Nikawasimulia wenzangu ofisini, tukacheka mpaka machozi.

Siku ya nne aliniuliza kama chuoni nilisomea kompyuta au kucheka. Hapo ndipo nilipofungua logi, yale maandishi ambayo seva hujiandikia kuhusu kila linalopita. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba nayasoma kila siku. Nikaweka namba kwenye kila ombi la kufungua faili, kesho yake nikalifuata la Sista hatua kwa hatua. Lilitoka Kasigau, likafika kwetu, neno la siri sahihi, kibali kikatolewa. Kufika kwenye mashine ya faili, ambayo ina saa yake yenyewe, kikakataliwa: muda wa kibali haujaanza. Dakika kumi baadaye kibali kile kile kikakubaliwa.

Saa ya seva yetu ilikuwa mbele. Stima ilipopotea wiki iliyotangulia, niliirekebisha kwa mkono nikitazama saa yangu, na saa yangu huiweka mbele dakika kumi makusudi, nisichelewe kazini. Bado nachelewa.

"Mbona hapa Voi hakuna aliyelalamika?" mkubwa wangu akauliza.

Nikarudi kwenye logi. Sisi tulikuwa tunachukua kibali, kisha tunasalimiana na kuulizana kama mvua imenyesha Mbololo. Tukifungua faili ya kwanza, robo saa imekwisha. Sista peke yake ndiye aliyeanza kazi mara tu alipoketi. Mkubwa wangu akakohoa, akatazama dirishani.

Nikaweka saa sawa, nikampigia.

"Sista, nisamehe. Kosa halikuwa lako. Ni saa yangu." Nikamweleza yote, hata ile habari ya kuchelewa.

Nikasikia vicheko vya watu wengi. Alikuwa ameweka simu kwenye spika.

"Rudia hapo pa saa, mwanangu," akasema. "Mkunga wetu hapa amesema hajasikia vizuri."

Nikarudia, polepole.