Ukurasa Ambao Apolinari Hakuusoma

Sisi tuliosoma kabla mabasi ya njano hayajaanza kuwafuata watoto mlangoni, tulikwenda shule peku, na mvua ya masika ikikukuta njiani unakata jani la mgomba unajifunika, basi. Ukifika umelowa hakuna anayekushangaa, kwa kuwa wote mmelowa. Kule juu Kibosho baridi ya asubuhi ilikuwa inang'ata kwelikweli, na sweta zetu zilikuwa zimeshavaliwa na kaka na dada hadi viwiko vikatoboka. Leo mwanangu akiguswa na manyunyu kati ya gari na mlango, anapiga chafya mpaka jioni na anataka apelekwe hospitali.

Shule yetu ilikuwa shule shikizi: chumba kimoja cha mawe, mwalimu mmoja, madarasa manne. Ndiyo, manne, humo humo! La kwanza walikaa upande wa dirisha, la nne ukutani, na ubao ulikatwa kwa mistari ya chaki, kila darasa na kipande chake. Mwalimu Yustina akishawapa la nne hesabu za mafungu, anageukia la kwanza kuwaimbisha a e i o u, halafu anageuka tena. Mama yule alikuwa na shingo! Wanasema macho hayana pazia. Basi na masikio yetu hayakuwa na mlango, kila mtu alisikia somo la kila mtu. Mtoto wa la kwanza aliimba jedwali la saba kabla hajajua kuandika jina lake. Nikiwasimulia walimu vijana wa siku hizi wananiuliza, "Sasa madam, mlikuwa mnaelewa vipi?" Tulikuwa tunaelewa tu, wanangu.

Mchana tulifungua kiburu tulichofungiwa na mama zetu, ndizi na maharage vimepondwa hadi vikashikana, na kama uko la nne hukuli peke yako. Hiyo ilikuwa sheria ya Mwalimu Yustina. Kila mkubwa alipewa mdogo wake: unakula naye, unamfuta kamasi, unamvusha kijito kikifurika, na unamfundisha kusoma. Wala hakukupa ndugu yako wa damu. "Mtaoneana huruma," alisema.

Shule iliishia la nne. La tano ilikuwa ng'ambo ya mto, kwenye shule kubwa yenye madirisha ya vioo. Siku ya kufunga shule mwezi wa kumi na mbili, mbele ya wazazi wote, mdogo wako anasimama na kusoma kitabu. Akishindwa, wewe unarudia darasa. "Mkubwa havuki mto mdogo wake hajasoma." Baba zetu, waliokuwa radhi kugombana mwaka mzima kwa sababu ya mche mmoja wa sale uliohamishwa mpakani, kwa hilo hawakugombana na Mwalimu.

Baba yangu ndiyo kabisa. Aliniambia tangu mwanzo wa mwaka: "Msichana kurudia darasa sitaki kusikia. Ukirudia, utabaki hapa kumkatia ng'ombe majani." Na Baba hakuwa mtu wa utani.

Mdogo niliyepewa mimi aliitwa Apolinari. Mfupi, kamasi wakati wote, mdomo mkali. Lakini kusoma! Kitabu kilikuwa kimoja tu kwa wadogo wote, kisa cha mbuzi mkorofi aliyemfuata bwana wake sokoni, na Apolinari alikisoma kama padri anavyosoma misa, bila kukwama, anafunua kurasa pale pale panapotakiwa. Nikajiona nimeshavuka mto.

Mwezi wa kumi na moja, siku moja mchana, nilikuwa nimemshikia kitabu huku anasoma. Mbuzi akafika lango la soko. Apolinari akafunua. Mbuzi akala kofia ya muuza vitunguu, muuza vitunguu akapiga yowe. Mimi macho yangu yako kitabuni, na humo hamna kofia wala vitunguu. Ukurasa wenyewe haupo, umechanwa toka kwenye mshono! Baadaye tuliambiana kwamba babu wa mtu fulani aliusokotea tumbaku. Na mimi niliyekisoma kitabu kile tangu la kwanza sikuwahi kuona, maana kisa cha kofia nilikuwa nacho kichwani kama wenzangu wote.

Nikaweka kidole kwenye neno "soko". "Hili ni neno gani?"

Apolinari hakuliangalia neno, aliniangalia mimi usoni. "Mbuzi," akasema.

Ruwa wangu, Mungu wangu! Mtoto hakujua hata neno moja. Alikuwa ameyasikia yote chumbani mle, tangu mwezi wa kwanza, akayahifadhi.

Ningeweza kunyamaza, na angepita. Sitajifanya malaika: niliogopa Mwalimu angemruka-rukisha kurasa tukaumbuka wote wawili. Halafu nilikasirika. Mtoto asiyejua kupenga kamasi anifanye mimi mjinga!

Nikakiweka kitabu pembeni. Nikamtafutia maneno ambayo hajawahi kuyasikia yakisomwa: mfuko wa mbolea, kiberiti, kalenda ya parokia jikoni kwa mama yake. Alilia, nikamfinya, akalia tena. Jioni moja tulipita kihambani kwao, shambani nyuma ya migomba, penye msalaba wa kaburi la babu yake. Nikamwambia asome pale. Akaanza kuvuta silabi moja moja, a, po, li, mpaka akafika mwisho. Akaruka nyuma.

"Dada, ni mimi huyu?"

"Ni babu yako. Wewe umepewa jina lake."

Akalisoma tena, na tena, amelishika lile jina kwa kidole. Nilisikia raha siku ile ambayo sijui niifananishe na nini.

Siku ya kufunga shule ikafika. Wazazi wamejaa kwenye mabenchi, ndoo za pombe ya mbege zinasubiri nje. Apolinari akasimama, na yule padri wangu hayupo tena! Anasoma kwa kusuasua, neno kwa neno. Baba akaanza kunitazama. Mbuzi akafika lango la soko. Apolinari akafunua ukurasa, akanyamaza.

Darasa zima likaanza kumnong'oneza, "Mbuzi akala kofia... mbuzi akala kofia..." Yeye anatikisa kichwa tu.

"Endelea, Apolinari," alisema Mwalimu.

"Kofia haimo humu, Mwalimu. Ukurasa umechanwa."

Mwalimu Yustina alichukua kitabu, akakisogeza karibu na macho, akapitisha kidole kwenye mshono. Akakaa kwenye benchi la wadogo. Kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. "Yesu na Maria! Nimewapitisha wangapi na kofia hii?"

Baba akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Basi huyu ndiye anayesoma." Mwezi wa kwanza nikavuka mto.

Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu, hapa mjini, mtaa wa Soweto. Darasa langu ni la rika moja, kila mtoto ana kitabu chake, na hakuna kilichochanika. Muhula uliopita nilimwona binti mmoja hodari sana amefunika daftari kwa mkono, na jirani yake analia kwa sababu ya hesabu za mafungu.

"Mweleweshe mwenzako," nikamwambia.

"Madam," alinijibu kwa adabu zote, "nikimwelewesha atanipita."

Nilifungua mdomo nimgombeze. Nyuma yake ukutani palikuwa na nafasi zao za mtihani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nilizoziandika kwa mkono wangu mwenyewe.