Mstari Nyuma ya Kabati

Jengo letu lina jina rasmi kwenye hati, lakini madereva wa bajaji wa Upanga wanalijua kama Kwa Wastaafu. Ukisema hivyo huna haja ya kueleza njia. Shirika la umma tulilolitumikia sote ndilo lililotuuzia nyumba hizi tulipokuwa bado kazini. Tulistaafu karibu kwa wakati mmoja, na tangu hapo tunazeeka pamoja, ghorofa nne, upande wa mteremko unaoshukia bonde la Jangwani. Mimi niko chini kabisa, mlango wa kushoto ukiingia. Jirani yangu wa mlango wa kulia alichukuliwa na mwanawe mwaka juzi. Kwake kumebaki kufuli, na zulia dogo la kufutia miguu ambalo mimi ndiye ninayelikung'uta.

Mwezi Januari kamati ya jengo ilimwita wakala wa bima. Alikuja Jumamosi alasiri, tukakaa kwenye viti vya plastiki pale yanapoegeshwa magari. Tulihudhuria saba. Zamani, kikao kama kile kingetufanya tuazime viti kwa majirani.

Wakala alieleza vizuri, bila haraka. Bima ya nyumba dhidi ya moto ni ya lazima kwa kila anayejiunga. Majanga ya asili kila mtu anajichagulia mwenyewe: mafuriko, tufani, radi, tetemeko la ardhi. Kila unaloongeza linapandisha ada. Akatugawia fomu zenye visanduku vya kuweka alama.

"Mimi mafuriko ya nini?" aliuliza bibi wa ghorofa ya tatu. Alikuwa mpokea simu mkuu wa shirika, na hadi leo anaongea kana kwamba laini ni mbovu. "Maji yakifika kwangu, na ofisi yenu itakuwa imeshazama. Nitamdai nani?"

Tukacheka, na wakala naye akacheka.

"Mimi niandikie tufani," alisema fundi mitambo mstaafu wa ghorofa ya nne. "Yale mabati juu ya kitanda changu yanaimba kila upepo ukivuma, na hayajui wimbo."

"Na tetemeko, mzee?" aliuliza wakala.

"Tetemeko tuwekee wote. Tukianguka, tuanguke kama kikundi."

Bibi wa ghorofa ya tatu akanigeukia. "Na wewe mwenzetu wa chini? Wewe ndiye mwenye bahari sebuleni."

Nikaweka alama kwenye mafuriko. Nilichungulia fomu za wenzangu, tabia ambayo kazi iliniachia, nikaona kisanduku kile kimewekwa alama kwangu tu. Chini yake kulikuwa na swali: je, maji yamewahi kuingia ndani ya nyumba, na kama ndiyo, mara ngapi, na kwa kina gani? Nikaandika kwa hati safi: mara mbili, hadi kifundo cha mguu. Sikuwa na shaka. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa afisa habari wa shirika. Nilizunguka matawi ya mikoani nikiandika jarida letu la ndani, na sifa yangu ilikuwa moja: nikiandika mara mbili, ni mara mbili.

"Kwa mafuriko lazima mkaguzi aje aone," alisema wakala. "Si Jumatatu hii, ni ile inayofuata, atafika kwako, mzee."

Maneno yale niliyasikia kwa namna yangu. Tangu mke wangu afariki, miaka mitatu sasa, wanaobisha mlangoni kwangu ni msoma mita na watu waliokosea ghorofa. Nilichosikia ni kwamba Jumatatu nitapata mgeni.

Nikaitazama sebule kwa macho ya mgeni. Mwaka juzi maji yalipoingia na kutoka, yaliacha mstari wa kahawia kuzunguka kuta zote, kama ule wa chai ndani ya kikombe kisichooshwa. Nilikuwa nimeshauzoea. Mke wangu asingeuvumilia hata mwezi. Basi kesho yake nikaenda Kariakoo kununua rangi.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilitaja rangi ya krimu, ndoo kubwa. Muuzaji, mama wa Kichaga mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Baba, unaoa?"

"Nina mgeni."

"Ndiyo hivyo hivyo huanza. Wa kike?"

"Wa bima."

Akacheka mpaka mchukuzi aliyekuwa akipita na mkokoteni akasimama kuuliza kulikoni. "Watu wa bima mnawapakia rangi? Mimi wa kwangu nilimwacha amesimama hapo hapo mlangoni!" Kisha akanipunguzia bei, akaniambia nimsalimie bibi harusi.

Fundi rangi alipata nafasi Jumamosi, akafanya kazi siku mbili. Alipofika kwenye kabati la vyombo aliuliza kama tulisogeze. Ni kabati zito la mninga. Ndani mna sahani za shughuli, zile ambazo mke wangu hakuzitoa ila kwa wageni. Tangu azikwe sijalifungua. Nikamwambia apake kando kando tu, basi. Akapaka, na Jumapili jioni nyumba ilinukia upya. Nilikaa katikati ya sebule nikaridhika.

Mkaguzi alikuwa mama wa miaka kama arobaini na kitu, amejitanda mtandio wa kijani, mkononi kibao cha kuandikia na futi ya chuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana."

Nilikuwa nimeandaa mezani: sambusa, vitumbua, chai ya maziwa kwenye chupa, vikombe viwili. Aliona, akaweka mkono kifuani.

"Utanisamehe, baba. Leo Jumatatu, nimefunga suna."

Nikasema hakuna neno. Nikafunika vitumbua kwa sahani. Sikujua nikae au nisimame, nikabaki nimesimama.

Alipima milango, akachungulia bafuni, akatoka kuangalia mtaro wa nyuma, akarudi. Halafu akasimama mbele ya ukuta wa sebule, akapitisha kidole, akakinusa.

"Rangi hii ya lini?"

"Ya juzi."

Akaandika. Sauti yake haikubadilika, lakini ilipungua joto. "Watu wengi hupaka rangi kabla hatujaja, baba. Tumeshazoea."

Ilinichukua muda kuelewa. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nikiingia kwenye maghala ya watu na kugundua kilichofunikwa turubai. "Sikuficha kitu," nikasema. "Niliandika kwenye fomu kwamba maji yaliingia. Rangi nilipaka kwa ajili yako."

"Kwangu mimi?"

"Wewe si mgeni?"

Alinitazama, akaitazama meza, akavitazama vile vikombe viwili. Akashusha kibao chake. "Haya," alisema kwa upole. "Basi tutafute mahali ambapo sikupakiwa rangi. Hili kabati lilisogezwa?"

Halikusogezwa. Na halingesogea likiwa limejaa. Tukalifungua, tukatoa sahani moja moja, yeye akizipokea na kuzipanga mezani kando ya sambusa. Zilikuwa na vumbi jepesi. Alikuwa akizishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeelekezwa na mwenye vyombo. Kisha tukasukuma, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, mpaka ukuta wa zamani ukaonekana.

Mstari wa kahawia ulikuwepo, ule wa mwaka juzi, kwenye kimo cha kifundo. Karibu nao kulikuwa na mstari mwingine, wa penseli, umenyooshwa kwa rula. Pembeni yake mke wangu alikuwa ameandika mwezi na mwaka, na neno moja: *kifundo*. Nikamwelewa mara moja. Baada ya maji ya mwaka ule alisugua kuta zote, akaacha kumbukumbu mahali ambapo wageni wasingeiona.

Lakini juu zaidi kulikuwa na mstari wa tatu, wa penseli ile ile. Mkaguzi alichuchumaa akanyoosha futi yake. Ulikuwa kwenye kimo cha goti. Akasoma kwa sauti, kama asomavyo mtu wa kazi:

"*Goti. Baba watoto yuko Tabora.*" Akageuza shingo. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Tabora nilikaa wiki tatu mwaka ule. Niliandika habari ya ghala jipya la tawi, na picha mbili. Nakumbuka nilimpigia simu mke wangu kutoka ofisi ya meneja, kwa sababu redio ilikuwa imetaja mvua za Dar es Salaam. Binti yetu alikuwa shule ya bweni. Mke wangu aliniambia, "Mvua za kawaida tu," kisha akaniuliza kama Tabora asali ni bei nafuu. Nilirudi na dumu la asali. Sebule ilikuwa safi. Kabati lilikuwa limehamia ukuta huu kutoka ule mwingine. Nilidhani amebadilisha mapambo, nikamsifu.

Sahani zile, kabati lile, magodoro. Alikuwa peke yake, maji yako gotini.

"Baba," alisema mkaguzi, bado amechuchumaa, "hapa kuna maji matatu. Fomu inasema mawili." Akaondoa futi ukutani. "Kwa mawili ya kifundo, bima ya mafuriko ungeipata bila shida. Hili la goti likiingia kwenye ripoti, sijui wataamua nini. Na ni la zamani sana. Unasemaje?"

Najua alichokuwa akinipa. Alikuwa ananipa nafasi ya kulirudisha kabati.

"Andika," nikasema. "Andika na maneno yake."

Akaandika. Alipoondoka nilimfungia vitumbua na sambusa ili akafuturu navyo, akapokea kwa mikono miwili. Mlangoni akasema, "Usilirudishe kabati, baba. Ukuta upumue."

Baada ya wiki mbili majibu yakaja. Walinipa njia mbili. Ya kwanza: moto, tufani, radi na tetemeko, mafuriko yasiwemo. Ya pili: na mafuriko yawemo, kwa masharti. Vitu vyote vya ndani viinuliwe juu ya mstari wa goti. Na nyumba isikae bila mtu zaidi ya siku kumi na nne mfululizo wakati wa masika, kwa sababu nyumba tupu haina wa kuzibua mtaro wala kuokoa kitu.

Sharti hilo la pili ndilo lililoniketisha chini. Binti yangu anaishi Dodoma, na tulikuwa tumekubaliana kwamba masika hii nitakwenda kukaa kwake, labda mpaka Juni, labda moja kwa moja. Chumba alikuwa ameshakitayarisha. Aliniambia hata pazia lake ni la rangi gani.

Nilimwonyesha barua bibi wa ghorofa ya tatu. Aliisoma akiishikilia mbali na macho.

"Sasa hii ni bima ya nini?" akapaza sauti. "Unawalipa ili ukae peke yako? Kukaa peke yako si tunakaa bure!"

"Nikienda, maji yakaingia, nani atajua?"

"Nitayaona kutoka juu, nitakupigia. Nenda kwa mwanao, mwanaume wewe. Kabati halikuiti baba."

Alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Kisha nikashuka ngazi na kukaa mbele ya ule ukuta siku nzima. Nilijaribu kuwa na utaratibu, kama nilivyozoea: upande huu wa karatasi sababu za kwenda, upande ule za kubaki. Sababu za kwenda zilikuwa nyingi na nzuri. Upande wa pili niliandika moja tu, kwamba Tabora nilishakwenda. Nikatia saini njia ya pili.

Seremala wa Buguruni alinitengenezea vigoda vya mbao vya kuinulia kabati, friji, kochi na kitanda. Alivipakia kwenye guta akaja kuvipanga mwenyewe. Sasa nikikaa kitandani miguu haigusi sakafu. Binti yangu nilimwambia kwamba safari tumeiahirisha kwa sababu ya mambo ya bima. Akasema pazia litasubiri.

Masika ilianza kidogo kidogo, halafu ikaja siku moja ya mvua isiyokatika. Kufikia saa tisa alasiri mtaro wa nyuma ulikuwa unarudisha maji. Yalipita kwanza chini ya mlango wenye kufuli, yakalilowesha zulia la jirani, kisha yakaja kwangu, bila kishindo, yakifuata mistari ya vigae. Nilikuwa nimeshazima umeme. Nilikunja suruali, nikachukua penseli na futi ya kushonea ya mke wangu, nikaenda nyuma ya kabati.

Simu ikalia mfukoni mwa shati.

"Baba, wanasema huko mvua imezidi. Maji yameingia?"

Yalikuwa baridi kuliko nilivyotegemea, na yalikuwa yanapanda kwenye kifundo.

"Hapana, mwanangu. Mvua za kawaida tu."

Niliposikia tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama naye alikuwa anasema hivyo hivyo."

Kisha kwenye simu ikabaki sauti ya maji. Hakuna aliyekata simu.